Vidole Vinne kwa Wiki

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu, mlango wa jikoni uligoma kufunguka. Mama Pindo aliusukuma kwa nyonga, mkononi ana ndoo ya maji machafu ya vyombo, kisha akausukuma kwa bega. Ulifunguka kiasi cha kupitisha paka, ukakwama. Akaweka ndoo chini, akachungulia kwenye upenyo, akaona udongo wa uani umepanda hadi juu ya kizingiti.

Alikuwa fundi cherehani. Mtaa ulimwita Mama Pindo kwa sababu hakuna aliyewahi kuona pindo lake likifumuka. Mume wake alikuwa mstaafu wa idara ya maji, alikosoma mita za nyumba za watu kwa miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo yeye alikuwa Mzee Mita. Waliishi na mama yake Mzee Mita, ambaye kila mtu alimwita Bibi. Bibi alivunjika nyonga miaka mitatu nyuma na tangu hapo hakutoka kitandani bila kubebwa. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, sebule, jiko na choo cha ndani. Kiwanja walikipata baada ya Bibi kuuza shamba lake, na nyumba waliijenga kwa miaka kumi na tisa, chumba kikisubiri bati, bati likisubiri dirisha.

Seremala aliitwa. Aliung'oa mlango, akaupiga randa sehemu ya chini, akaurudisha. Jumatatu ukakwama tena. Safari hii seremala hakutoa hata randa kwenye mfuko. Alichuchumaa, akaweka kiganja kwenye kizingiti, akakaa hivyo kidogo kama mtu anayempima mgonjwa homa.

"Mlango hauna kosa," akasema. "Nyumba ndiyo inashuka."

"Inashuka kwenda wapi?" Mama Pindo akauliza.

"Chini, mama. Hakuna kwingine."

Mzee Mita akapigilia msumari kwenye ukuta wa uzio, usawa na ukingo wa dirisha la jikoni. Jumamosi iliyofuata akapima. Msumari ulikuwa juu ya ukingo kwa vidole vinne. Jumamosi nyingine ukawa juu kwa vidole vinane. Alikuwa mtu wa kusoma namba bila kubishana nazo. Aliziandika kwenye daftari, akamwonyesha mkewe, na mkewe akaenda kutafuta jembe ili mlango upate pa kufungukia.

Bibi alipoambiwa alifikiri kwanza. "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema. "Ufa tuliziba. Ukuta tulijenga. Hili la kushuka hawakulisemea kitu."

Sababu haikuwa ya kutafuta kwa tochi. Nyuma ya uzio, upande wa jua kuchwa, alikuwapo Bwana Tani, mfanyabiashara wa mchanga. Kiwanja chake kilikuwa shimo. Asubuhi katapila lilishuka humo kwa njia ya mzunguko, na malori yakapanda yamejaa, yakienda kujenga nyumba za watu wengine. Shimo lilikuwa halipanuki hata kidogo, wala halikwenda chini zaidi, ingawa lilichimbwa kila siku isipokuwa sikukuu. Watu wa mtaani walisema Bwana Tani ana mkono mwepesi.

Mzee Mita alivaa shati la kola, akaenda kumwona. Alimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, ukingoni mwa shimo. Bwana Tani aliinuka na kumpisha mgeni kiti.

"Jirani, nyumba yangu inashuka," Mzee Mita akasema.

"Nimeiona. Pole sana."

"Nadhani ni shimo hili."

Bwana Tani alilitazama shimo kwa makini, kama anayelipa nafasi ya kujitetea. "Mzee wangu, mimi nachimba kwangu. Kibali ninacho. Uzio sijauvuka hata kwa ncha ya koleo. Sasa mchanga ukiamua wenyewe kutembea kutoka kwako kuja kwangu, mimi nitaufanyaje? Niusimamishe njiani niuulize kwao ni wapi?"

Mzee Mita akainuka kwenye kiti. Bwana Tani akamwonea huruma, akaahidi kumletea lori moja la mchanga, bure, ajazie panapopungua. Kesho yake lori lilikuja na kumwaga uani. Mama Pindo alipokuwa akiusambaza kwa koleo aliona kifungo cheupe cha shati. Alikiokota, akakipangusa. Bado kilikuwa na uzi wake, mizunguko sita na fundo dogo kwa chini, jinsi yeye peke yake alivyofunga. Kilikuwa kimepotea nyuma ya nyumba mwaka wa juzi, siku ya kuanika nguo. Alikishona tena kwenye shati, na mumewe akalivaa shati hilo kwenda ofisi ya ardhi.

Walikwenda wote wawili. Walikaa kwenye benchi tangu ofisi ilipofunguliwa mpaka saa saba, wakisogea kalio moja kila mtu alipoitwa. Afisa wa ardhi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa gundi ubavuni. Aliwasikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake liliwatia moyo. Kisha akavuta fomu.

"Nyumba kuungua, ipo," alisema huku akipitisha kalamu. "Nyumba kuezuliwa na upepo, ipo. Nyumba kusombwa na maji, ipo. Nyumba kushuka, haipo."

"Basi?" Mama Pindo akauliza.

"Tuiweke kwenye Mengineyo. Lakini mjue, mama, Mengineyo huchelewa."

Baada ya wiki tano, na kwa hiyo baada ya vidole ishirini vingine, mpima ardhi alikuja na chombo chake cha miguu mitatu. Wakati huo kingo za madirisha zilikuwa karibu kugusa ardhi, na watu waliingia kwa mlango wa mbele wakishuka ngazi tano ambazo Mzee Mita alizichonga kwenye udongo na kuzijengea kwa vipande vya tofali. Mpima hakushangaa. Alitafuta mawe ya mpaka, akayakuta yote manne pale yalipozikwa. Alipima kutoka jiwe hadi jiwe, akapiga hesabu, akakubali chai. Alipoinama kuweka kikombe chini alilazimika kuinama zaidi kuliko alivyoinama kukichukua.

"Kiwanja kipo kamili," akasema. "Hakuna kilichopungua upande wowote."

"Kinapungua kwa chini," Mzee Mita akasema.

"Mimi napima pembeni, mzee. Chini hawajanituma."

Aliandika hivyo, akatia saini, akaondoka.

Shida za kuwa na nyumba zikaanza kuja kwa kupokezana, na kila moja ilikuwa na fundi wake. Bomba la maji lilikatika mara mbili kwa kuvutwa. Waya wa umeme ulikaza kutoka kwenye nguzo ya barabarani kama kamba ya kuanikia nguo, mpaka fundi umeme akauongeza kipande, na baada ya miezi miwili kipande kingine. Karo la maji machafu lilibaki mahali pake huku choo kikishuka, na siku ilipofika karo likawa juu kuliko choo, kila walichopeleka likakirudisha. Hilo lilimfanya Mama Pindo alie kwa mara ya kwanza. Hakulia kwa sauti. Alisimama bafuni na viatu vya mvua vya mumewe, dekio mkononi, machozi yakidondokea kwenye yale maji mengine, akaendelea kudeki. Baadaye waliziba bomba la choo kwa saruji na kuanza kwenda haja kwa jirani wa mbele, mjane mkarimu ambaye mwanzoni aliwaambia wasipige hata hodi, na baadaye akaanza kufunga geti.

Mvua zilipokuja, maji ya mtaa mzima yaliijua njia. Walipanga magunia ya mchanga kuzunguka nyumba, wakajenga ukuta mdogo wa tofali, kisha ukuta mrefu, mpaka nyumba ikawa imekaa ndani ya kisima chake. Mwezi wa kumi na moja ukingo wa paa ulifika usawa wa ardhi. Mbuzi wa mtaani walipanda juu ya bati kuota jua, na Bibi chumbani kwake akajifunza kuwatambua kwa kwato.

Wateja wa Mama Pindo walipungua. Waliokuja walisimama juu ya shimo la nyumba na kuangusha vitambaa, wakimwambia vipimo kwa kuinama: kiuno hivi, urefu hivi. Yeye alikuwa amezoea kumpima mtu kwa mkono, kumgeuza, kumwambia vuta pumzi. Sasa alishona nguo za watu ambao hakuona zaidi ya soli zao. Mwanga ulimfikia kwa saa mbili tu, jua likiwa utosini. Saa hizo mbili hakuzungumza na mtu.

Ilikuwa baada ya saa hizo, siku moja, alipozima cherehani na kumwambia mumewe, "Tuondoke."

Mzee Mita alikuwa akikaza skrubu za ngazi ya mbao, kwa sababu zile za udongo zilikuwa zimeshakuwa nyingi na zilibomoka. "Twende wapi?"

"Kwa mtoto. Ana chumba." Binti yao alikuwa muuguzi katika mji mwingine.

"Tukitoka tumekitupa kiwanja. Yule mama wa ofisi alisema. Nyumba isiyokaliwa kwa siku tisini inahesabiwa imetelekezwa."

"Kiwanja chenyewe kimeshatutupa sisi."

"Miaka kumi na tisa," akasema Mzee Mita.

"Unaniambia mimi? Mimi ndiye nilikuwa nakushikia ngazi." Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Naamka asubuhi nahisi kama nimelala mfukoni mwa mtu. Mimi sitaki kufa huku nikiwa bado nashona."

Mzee Mita hakuinua kichwa. Alikuwa na bisibisi mkononi na skrubu ilikuwa imeshakaza, lakini aliendelea kuizungusha. "Muulize mama kama atakubali," akasema mwisho.

Alijua jibu. Binti alikuja siku mbili baadaye, akateremka ngazi na sare yake ya kazi, akampima bibi yake shinikizo la damu, akasema gari liko barabarani na machela anayo. Bibi alimpapasa uso.

"Mjukuu wangu, mimi nimehamishwa mara nne. Mara ya kwanza walisema ni barabara. Mara ya pili bwawa. Ya tatu sikuambiwa. Ya nne nilihama mwenyewe, nikauza shamba ili mtoto wangu asihamishwe. Sasa nyumba inahama na mimi ndani yake. Hii nimeipenda. Sifungashi hata kijiko."

"Bibi, itakufunika."

"Inafunika polepole. Wengine walinifunulia paa kwa siku moja."

Binti aliondoka na machela yake tupu. Aliacha dawa za mwezi mzima na feni ndogo ya betri.

Walirudi ofisi ya ardhi. Afisa alikuwa na miwani mipya. Aliitoa hati yao kwenye mfuko wa nailoni, akaisoma yote, hata maandishi madogo ya nyuma ambayo wao hawakuwahi kuyasoma. Halafu akavua miwani.

"Hii ni habari ngumu kidogo," akasema. "Hati yenu ni ya uso wa ardhi. Kuanzia mita tatu kwenda chini ni mali ya umma. Madini, maji, na vitu vya namna hiyo."

"Nyumba yetu ni ya umma?" Mzee Mita akauliza.

"Hapana, mzee, nyumba ni yenu. Hakuna anayewanyang'anya nyumba. Ni mahali ilipo ndipo si penu."

"Na juu je?" akauliza Mama Pindo. "Juu ni petu?"

"Juu ni penu, ndiyo. Ila juu hakuna nyumba." Alisema hivyo kwa upole, kama muuguzi anayetafuta mshipa. "Mlipewa kwa sharti la kukiendeleza kiwanja. Mkaguzi akipita akaona hakuna jengo, ataandika hakijaendelezwa. Mimi nawaambia kama dada yenu. Jengeni kitu juu, hata banda."

Walijenga banda. Mzee Mita alichimbia miti minne na kuezeka mabati sita ya zamani. Baada ya wiki tatu banda likaanza kushuka pia, haraka kuliko nyumba, kwa kuwa lilikuwa jepesi na halikuwa na ubishi. Mwezi wa pili lilikuwa limekwisha. Wiki hiyohiyo ncha ya mwisho ya paa la nyumba iliingia ardhini na mchanga ukajifunga juu yake, laini, bila alama. Bati lilihimili uzito wote huo. Mzee Mita alimtumia salamu za pongezi fundi aliyeezeka.

Kilichobaki juu kilikuwa ni tundu la mraba la ngazi, limezungushiwa tofali, na kifuniko cha mbao.

Tarishi wa ofisi ya ardhi alipokuja na notisi alizunguka kiwanja mara mbili. Sheria ilimtaka aibandike kwenye ukuta wa jengo. Mwisho alikaa kwenye ukingo wa tundu na kuita. Mzee Mita akapanda mpaka kichwa chake kikatokeza.

"Mzee, naomba radhi, sioni pa kubandika."

"Nipe nishike."

Tarishi alimpa, Mzee Mita akaikunjua na kuishika mbele ya kifua chake kwa mikono miwili, tarishi akapiga picha kwa ushahidi. Ilisema kiwanja kimebaki bila kuendelezwa na kitagawiwa upya, na mwenye pingamizi afike ofisini na picha ya jengo lake. Tarishi akamwomba amsainie. Akasaini.

Bibi alifariki mwezi wa nne, baada ya kunywa uji. Alisema uji una chumvi nyingi, akageukia ukuta, ikawa basi. Mama Pindo alikuwa bado ana kijiko mkononi.

Waombolezaji walishuka kwa zamu, wanne wanne, kwa sababu ngazi haikubeba zaidi. Waliokuwa juu walipeleka rambirambi zao kwa kuinama kwenye tundu. Bwana Tani alisimamisha katapila siku nzima, akashuka mwenyewe na kanzu nyeupe, akalia kwa dhati. Aliwahi kula chakula cha Bibi zamani, shimo lilipokuwa bado ni bustani.

Vijana wa kuchimba kaburi walikuja na majembe yao, na wazee wa mtaa wakakutana sebuleni. Kumtoa Bibi kulikuwa na tabu. Ngazi ilikuwa wima kama ya mnazi na tundu lilikuwa jembamba kuliko jeneza. Walijadiliana kumfunga kamba. Mama Pindo akawauliza kaburi huwa na kina gani.

"Futi sita," akajibu mmoja.

Mzee Mita alichukua tepu, akapanda, akaiangusha kutoka ukingoni. Kitanda cha mama yake kilikuwa kwenye kina cha mita nne na nusu. Wazee walitazamana. Mkubwa wao akasema kwamba kwa hesabu hiyo marehemu alikuwa ameshazikwa tangu mwaka jana, na kilichobaki ni kumfukia. Hakuna aliyepinga. Walimwosha, wakamvika, wakamlaza sakafuni kwake akielekezwa inavyotakiwa. Kisha walivunja dirisha la chumba, na mchanga uliokuwa ukingoja nyuma ya mbao uliingia wenyewe, taratibu, ukajaza mpaka darini. Waliuziba mlango kwa tofali kutoka upande wa sebule. Mama Pindo akapiga lipu kwa mkono wake, akailainisha mpaka haikuonekana mwanzo wala mwisho.

Kiongozi wa wazee alimshika Mzee Mita bega. "Una bahati. Wengi makaburi ya mama zao yako mbali."

Siku ya saba, wageni wote wakiwa wameondoka, Mzee Mita aliketi mbele ya ule ukuta mpya. Alikuwa hajapima chochote tangu mazishi. Daftari lilikuwa juu ya kabati, na hakulitazama.

"Sasa tuondoke," akasema. "Ulisema kweli. Mimi ndiye nilikuwa mbishi. Tukae kwa mtoto, hata kibarazani. Sina nguvu tena ya nyumba."

Mama Pindo alikuwa akitia uzi kwenye sindano kwa mwanga wa taa ya betri. Ulimchukua muda, akalowanisha ncha, akajaribu tena.

"Na mama tumwache na nani?" akauliza.

Mzee Mita alifunika uso kwa viganja. Mkewe hakwenda kumbembeleza. Alikuwa amemaliza akiba yote ya kubembeleza, na alijua kwamba akigusa bega lile, wote wawili watabomoka na hakuna wa kuwainua. Aliutia uzi, akafunga fundo, akaanza kushona.

Pingamizi lao lilifika ofisini na picha ya sebule, iliyopigwa na binti yao. Afisa alisema ni picha nzuri, ila haionyeshi anga, na jengo linalokubalika huonyesha anga. Kiwanja kiligawiwa upya mwezi wa saba. Aliyekipata alikuwa Bwana Tani, kwa vile ndiye jirani wa karibu na ndiye pekee aliyeomba. Alikuja mwenyewe kuwaeleza, akiwa amesimama juu ya tundu, kofia mkononi. Alisema ameamua kuacha biashara ya mchanga, umri umekwenda, na atajenga ghorofa nne za kupangisha. Alisema hatawasumbua, tundu lao litabaki, litakuwa kwenye maegesho ya magari, na atawawekea kifuniko cha chuma kizuri kuliko hicho cha mbao.

"Na nyumba itaacha kushuka?" Mzee Mita akauliza.

"Mimi si mtaalamu, mzee wangu. Lakini ninavyoona, mchanga ukishawekewa uzito juu unatulia."

Ujenzi ulianza. Walisikia makoleo kwa mbali, kisha kwa karibu. Vumbi lilidondoka kutoka kwenye dari na kutua kwenye vitambaa, ikabidi Mama Pindo afunike kila anachoshona kwa shuka. Siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, bati likalia juu ya sebule, pakakatwa mraba, na ubao wa dari ukaondolewa kwa uangalifu. Mwanga wa jua uliingia wote kwa mkupuo mmoja na kuangukia meza, sahani mbili na chupa ya maji. Kichwa cha fundi mwashi kikaonekana, kimevaa kofia ya manjano.

"Hodi," akasema.

"Karibu," Mama Pindo akajibu.

"Samahani kwa chakula. Tunaleta nguzo." Alifunua karatasi ya ramani, akaigeuza, akaigeuza tena. "Nguzo nne zinapita huku. Tatu ziko nje ya ukuta wenu, hazina shida. Hii ya nne imeangukia chumba cha nyuma."

"Hicho chumba kina mtu," akasema Mama Pindo.

"Hawezi kusogea?"

"Hawezi."

Fundi aliutazama ule ukuta uliopigwa lipu bila mlango, akaelewa, akavua kofia, kisha akaivaa tena kwa sababu za usalama. Aliita mtu huko juu, wakazungumza kwa muda, wakabishana kidogo kuhusu vipimo. Aliporudi uso wake ulikuwa na aibu.

"Tumeongea na mhandisi. Inaweza kusogea mita moja na nusu. Lakini itakuja hapa." Alionyesha kwa kidole mahali penye cherehani.

Mama Pindo alipatazama. Hapo ndipo palipokuwa na jua lake la saa mbili, lile lililopenya kwenye tundu na kufika sakafuni likiwa dhaifu lakini likiwa jua. Hapakuwa na mahali pengine ndani ya nyumba ambapo angeweza kushona bila taa.

"Ya muda, au ya kudumu?" akauliza.

"Mama, ni nguzo."

Alisimama. Aliondoa shuka, akakunja gauni la mteja aliyemjua kwa viatu vyekundu tu, akalitia kwenye mfuko. Mzee Mita akaja kushika upande wa pili, wakaiburuta cherehani pamoja mpaka kwenye kona ya jikoni, palipokuwa na giza na harufu ya unyevu. Sakafu ilibaki na alama nne za miguu yake, nyeupe kuliko saruji nyingine.

Mafundi walivunja sakafu hapo, wakachimba kitako, wakafunga nondo. Walikuwa watu wa adabu. Walikung'uta viatu kabla ya kushuka na waliomba maji ya kunywa badala ya kujichotea. Siku ya tatu mbao za kumwagia zege zilishushwa, ndefu, kutoka angani hadi sakafuni, zikasimamishwa katikati ya sebule. Tundu la darini likajaa mbao, na sebule ikawa giza tena.

"Mama, kuna taa?" fundi akauliza kutoka juu. "Sioni timazi."

Mama Pindo alileta taa ya betri. Aliiinua juu ya kichwa, mkono ulipochoka akabadilisha mkono. Uzi wa timazi ulishuka kando ya mbao ukining'inia na kucheza, kisha ukatulia. Mzee Mita alisogea karibu, akafumba jicho moja, kama alivyokuwa akifanya mbele ya mita za watu.

"Imesimama?" fundi akauliza.

Mzee Mita aliitazama nguzo kutoka chini hadi juu, kisha kutoka juu hadi chini. 

"Bado," akasema. "Sukuma kidogo kushoto."

Wakasukuma.

"Kidogo tena. Hapo. Hapo hapo."

Wakaanza kumwaga zege.